Muulize Fundi Mstaafu: Ndege Hii ni ya Nani?

Toleo lililopita nilijibu swali moja tu kuhusu matairi ya ndege za kivita, na sanduku la barua likafurika. Karibu zote zinauliza maisha ya ndani ya kituo cha jeshi la anga. Nilikaa humo miaka 22 nikiwa fundi wa injini, kwa hiyo mtanisamehe majibu yangu yakinuka mafuta ya taa. (Wala si mzaha, mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa.) Anayetafuta siri za jeshi afungue ukurasa mwingine. Haya ninayoyasema kila koplo huyajua kabla hajamaliza mwezi wa kwanza.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimebishana na kaka yangu. Yeye anasema mkuu wa kituo cha ndege za kivita ni yule rubani hodari kuliko wote. Mimi nasema ni mtu wa ofisini tu. Nani kashinda? – Mbishi, kidato cha tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo mmegawana nusu kwa nusu. Mkuu wa kituo mara nyingi ni rubani kweli, na wengi wao huendelea kuruka mara mojamoja ili mikono isiingie kutu. Lakini hakuwekwa pale kwa ajili ya kuruka. Kuruka kuna vijana. Yeye kazi yake ni kuhakikisha kwamba dakika ndege inapotakiwa, barabara ya kurukia ni safi, mafuta yapo, mnara una watu, zimamoto wako macho, geti limefungwa na mpishi ameamka.

Waingereza humpa kazi hiyo afisa ambaye cheo chake kwenye jeshi la nchi kavu kingekuwa kanali. Wamarekani nao kwa kawaida humweka kanali, pengine brigedia jenerali, juu ya fungu wanaloliita kwa neno lao la “bawa”. Kwa miaka mingi bawa hilo limekuwa na makundi manne: la operesheni, ambako wapo marubani, la matengenezo, ambako wapo watu wangu, la huduma, lenye polisi, wahandisi, bohari na zimamoto, na la tiba. Chini ya makundi hayo kuna skwadroni, na hapo ndipo kwao mwanajeshi wa anga. Ukimuuliza unatoka wapi, hakutajii bawa wala kundi. Atakutajia skwadroni, tena kifua mbele.

Sasa mwambie kaka yako kwamba ugomvi mkubwa hauko kwenye nani mkuu wa kituo. Uko kwenye swali hili: mafundi wawe chini ya nani? Ukiwaweka chini ya kamanda wa marubani, ipo siku atataka ndege nane asubuhi na nzima ni sita, na atakayembishia ni mtu anayemwandikia yeye ripoti ya kupandishwa cheo. Ukiwatenga, marubani watalalamika kwamba mafundi wamekuwa serikali ndani ya serikali. Jeshi la anga la Marekani lilihamisha mafundi wa maegesho, wale wanaoihudumia ndege palepale inapoegeshwa, kuwaweka upande wa operesheni mwaka 1991, kisha mwaka 2002 likawarudisha kwenye kundi lao la matengenezo. Mimi mnajua nasimama wapi. Anayetaka ndege asiwe ndiye anayeitangaza kuwa nzima.

Halafu ujue kituo kina mwenyeji na wapangaji. Mwenyeji ndiye mwenye barabara, umeme, maji na uzio, na wapangaji huja na ndege zao na ubishi wao. Pale Djibouti, barabara ya kurukia ya uwanja wa Ambouli hutumiwa na ndege za abiria, na hapohapo jirani wamepiga kambi Wafaransa, Wamarekani na, tangu mwaka 2011, Wajapani. Majeshi yote hayo hutegemea barabara ileile.

SWALI: Ninapita karibu na kituo kila asubuhi nikienda kazini. Nawaona wanajeshi wamejipanga mstari mmoja upana wa barabara, wanatembea polepole vichwa chini, kama watu waliopoteza sindano. Ni adhabu? – Mpita Njia

JIBU: Wanatafuta hiyohiyo sindano. Injini ya jeti ikiwaka chini hufyonza chochote kilicho mbele yake, na mapanga yake ya ndani yanazunguka kwa kasi ambayo nati moja ikipita inaacha pengo, pengo linaachia kipande, na kipande kinakula mapanga yanayofuata. Kwa hiyo kabla ya ndege ya kwanza, watu hujipanga bega kwa bega na kutembea. Wanakuwemo makarani, wapishi, na kiongozi mwenye akili huwemo na yeye. Mimi katika miaka yangu nimeokota nati, vipande vya waya, kalamu, vifungo vya shati, meno ya zipu na hereni moja ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai.

Ndiyo maana utaona fundi wa maegesho hana kofia kichwani hata jua likiwaka. Upepo ukiichukua imekwenda injini. Ndiyo maana pia gari likiingia kutoka nje linasimamishwa mpakani mwa lami ya ndege, dereva anashuka, anazunguka na kuchokoa vijiwe kwenye matairi yake. Usifikiri ni ukali wa bure. Mwaka 2000 pale Paris, Concorde ilikanyaga ukanda wa chuma wenye urefu wa sentimita 43 hivi uliokuwa umedondoka kwenye ndege iliyotangulia kuruka. Tairi lilipasuka, kipande chake kikapiga tangi, moto ukawaka, wakafa watu 113. Ule ulikuwa uwanja wa kiraia, lakini chuma hakiulizi.

Na kuna uchafu wenye mabawa. Septemba 1995 ndege kubwa ya rada ya Wamarekani iliruka kutoka kituo cha Elmendorf, Alaska, ikakutana na kundi la mabata bukini. Injini zote mbili za kushoto ziliwameza. Wote 24 waliokuwemo walikufa. Kinachoniuma mimi katika mkasa ule ni kwamba ndege hao walikwishaonekana kutoka mnarani wakiwa kwenye majani kando ya barabara, na taarifa haikumfikia rubani. Watu walikuwepo, redio ilikuwepo, neno ndilo lililokosekana. Tangu hapo vituo vingi vinamchukua kwa uzito mtu wa kufukuza ndege wa porini: ana gari, ana baruti za kelele, pengine ana mwewe aliyefundishwa, na akisema “subirini” kanali anasubiri.

SWALI: Zile namba kubwa zilizochorwa mwanzo wa barabara ya kurukia ni za nini? – Mchora Ramani

JIBU: Ni mwelekeo wa dira, digrii zilizokatwa sifuri ya mwisho. Ikiandikwa 09 unaelekea mashariki, digrii 90. Ukija kutoka upande wa pili utasoma 27, yaani magharibi. Na kwa kuwa ncha ya sumaku ya dunia huhamahama, baada ya miaka mingi huwa inabidi watu waje na rangi wabadilishe namba, barabara ikiwa haijasogea hata inchi.

SWALI: Mimi ni rubani mwanafunzi. Juzi niliona jina la rubani limeandikwa ubavuni mwa ndege nikasema, “Siku moja nami nitakuwa na ya kwangu.” Fundi mmoja akacheka: “Hiyo ni yangu. Nyinyi huwa nawaazima.” Alikuwa ananitania? – Bawa Changa

JIBU: Hakukutania hata kidogo, mdogo wangu, na ukimkuta tena msalimie.

Kila ndege ya jeshi ina kitabu chake. Waingereza wanakiita Fomu 700, Wamarekani wana Fomu 781 na ndugu zake. Humo imeandikwa afya yote ya ndege: saa ilizoruka, kilichobadilishwa, kinachosubiri kubadilishwa. Rubani akitua anaandika alichokiona. Na hapa nitakupa ombi langu kabla sijasahau: usije ukaandika “redio mbaya”. Mbaya vipi? Inakoroma? Inakoroma ukipiga kona au wakati wote? Fundi atakayelisoma hilo hakuwa na wewe angani. Mwenzako mmoja aliwahi kuandika “injini inatoa sauti”, nami nikamwandikia chini yake, “Injini zote hutoa sauti.” Niliitwa ofisini kwa hilo, sawa, lakini baada ya hapo aliandika vizuri.

Fundi akishatengeneza anaandika alichofanya na kutia saini. Kisha anakuja mwingine, mwenye cheo cha kukagua, anaangalia kwa macho yake na kutia ya kwake. Aliyetengeneza hajikagui. Kwa Wamarekani, hitilafu ikiwa ya kuzuia ndege isiruke wanaweka alama ya X kwa wino mwekundu, na ikishawekwa si kila mtu anaweza kuiondoa, hata akiwa na nyota mabegani. Wapo watu wachache wenye majina kwenye orodha, na wengi wao ni masajenti. Jenerali anaweza kumfukuza sajenti kazi, lakini hawezi kumshikia kalamu.

Mtu wa boza la mafuta naye ana saini yake. Akifika, kitu cha kwanza anaunganisha waya kati ya boza na ndege, ili umeme tuli usirushe cheche. Kisha anachukua mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, anaiinua kwenye mwanga, anaizungusha na kuangalia chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yakiwemo yatakaa kitako kama kijishanga. Wa silaha ana saini yake, wa kiti kinachomrusha rubani nje ana yake. Mwisho kabisa unakuja wewe na helmeti yako mkononi. Unasoma ukurasa, unazunguka ndege, unatia saini ya kuipokea. Kuanzia hapo hadi utakapotia saini ya kuirudisha, ndege ni yako. Saa moja na nusu, pengine mbili. Saa nyingine zote ni ya yule aliyecheka.

Nitakueleza nilivyoyajua haya, maana sikuyajua kwa kusoma. Karakana ya ndege ina ubao wa zana, na kila zana ina kivuli chake kilichochorwa, spana ina umbo la spana, koleo lina umbo la koleo. Kila fundi ana vibati vidogo vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua zana unaning'iniza kibati mahali pake. Mwisho wa zamu mtu mmoja anatupa jicho: kivuli kitupu chenye kibati maana yake kuna zana nje, na anajua iko kwa nani.

Jioni moja, mwaka wangu wa nne, kibati changu kilikuwa kimening'inia kwenye kivuli cha soketi ya milimita 10. Nikaapa kwamba nimeirudisha. Nikaambiwa, “Basi ikuletee kibati chako.” Soketi ya milimita 10 ni kidogo kama ncha ya kidole, na jioni ile nilikuwa nimefanya kazi kwenye ndege mbili na kumsaidia mtu kwenye ya tatu. Zote tatu zilifungwa papo hapo. Marubani wa usiku walikuwa wameshavaa, wamekaa wakisubiri magari ya kuwapeleka maegesho. Wakaambiwa wavue.

Tulitafuta kwa tochi na vioo vidogo vya kushikia kwa fimbo. Tulifungua vifuniko vyote ambavyo mkono wangu ungeweza kuwa umepita. Saa tano usiku wakaitwa watu wa viti, maana chini ya kiti cha rubani ndiko vitu hupenda kujificha, na kukitoa kile kiti si kama kutoa kiti cha gari. Kina baruti zake, kinatolewa kwa taratibu na kwa watu wake tu. Wakakitoa cha ndege ya kwanza. Hakuna. Wakaanza cha pili.

Soketi ilipatikana saa tisa na dakika arobaini usiku, kwenye mfuko wa goti wa ovaroli ya mwenzangu aliyekuwa amelala bwenini. Nilikuwa nimempa mkono kwa mkono, “shika, niletee baadaye”, bila kubadilisha vibati. Alimaliza kazi, akaenda kula, akalala. Hakuiba, hakupuuza, alisahau tu kama mimi.

Kamanda wetu hakunipigia kelele. Alinipa kalamu na vitabu vitatu, akaniambia niandike kwenye kila kimoja, kwa mwandiko wa kusomeka, kilichopotea, kilipopatikana na jina langu. Kisha akanituma nikawaeleze wale marubani mwenyewe. Nilimkuta mmoja amelala kwenye kiti na buti zake. Baada ya hapo nikawekwa dirisha la zana miezi miwili, kutoa na kupokea, kutoa na kupokea. Mafundi wenzangu waliniita Karani. Lakini ukikaa dirishani unauona utendaji wa kituo kuliko ukiwa ofisi ya mkuu. Unajua ndege gani inasumbua kwa zana zinazotoka. Unajua zamu ipi imechoka kwa jinsi wanavyorudisha zana, zikiwa zimefutwa au zina grisi.

SWALI: Mwaka jana tuliona kwenye taarifa droni zikichoma ndege kubwa za kivita zikiwa zimeegeshwa tu, peupe. Jeshi zima, pesa zote hizo, wameshindwa kujenga banda? – Mlipa Kodi

JIBU: Unasema operesheni ya Ukraine ya tarehe 1 Juni 2025. Wao wenyewe walisema walitumia droni 117, zilizoingizwa Urusi ndani ya vibanda vya mbao juu ya malori na kurushiwa karibu na vituo. Kimojawapo, Belaya, kiko Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Kabla ya hapo picha za setilaiti zilikuwa zimeshaonyesha Warusi wakipanga matairi ya magari juu ya mabawa ya ndege zao. Fundi anayeona tairi kuukuu juu ya bawa la ndege anapata homa, lakini vita hukufanya ujaribu kila kitu.

Ndege kuuawa ikiwa imelala si jambo jipya. Juni 5, 1967, Waisraeli waliwashambulia Wamisri na siku hiyohiyo wakaharibu ndege 300 hivi, nyingi zikiwa chini. Watu hukumbuka marubani wa siku ile. Mimi hukumbuka ratiba. Shambulio lilikuja kama saa tatu kasorobo asubuhi kwa saa za Misri, baada ya doria ya alfajiri kutua, maafisa wengi wakiwa njiani kwenda kazini. Adui alikuwa amesoma zamu za vituo kama mimi nilivyokuwa nikisoma ubao wa zana.

Baada ya hapo dunia nzima ilimwaga zege. Kila ndege ya kivita ikajengewa pango lake lenye milango mizito, na mapango yakatawanywa ili bomu moja lisipate mawili. Ilifaa, mpaka mwaka 1991, pale mabomu yanayoongozwa yalipoyatoboa mapango ya Iraki moja baada ya jingine, na Wairaki wakaamua kukimbizia ndege zaidi ya 100 Iran, nchi waliyokuwa wamepigana nayo miaka minane. Kwa ndege kubwa za masafa marefu hali ni ngumu zaidi. Pango la kuimeza ndege yenye mabawa ya mita 50 ni mlima, na mlima una gharama.

Waswidi walichagua njia ambayo mimi naiheshimu kuliko zege. Walisema: kituo kikijulikana kiko wapi, kitapigwa, basi ndege zisikae kituoni. Waliandaa vipande vya barabara za kurukia vyenye urefu wa mita 800 na upana wa mita 17, vingine ni barabara kuu za magari zilizonyooshwa. Ndege yao ya Gripen ilitengenezwa ili iweze kutua hapo, ijazwe mafuta na makombora ya angani na fundi mmoja pamoja na askari watano wa mujibu wa sheria, na iondoke ndani ya dakika kumi hivi. Fundi mmoja! Skwadroni yangu ilikuwa na watu wa kubishana tu zaidi ya hao.

Lakini usidhani barabara ya kurukia ni kitu cha kufa haraka. Mei 1, 1982 Waingereza walituma ndege ya Vulcan kutoka kisiwa cha Ascension mpaka visiwa vya Falkland, vilivyokuwa vimetekwa na Waajentina, safari ya kwenda na kurudi ya saa 16 hivi, ikajazwa mafuta angani mara kadhaa. Ilidondosha mabomu 21. Moja ndilo lililotua kwenye barabara. Waajentina walifukia shimo, ndege zao za mizigo za Hercules zikaendelea kutua usiku, na mchana walirundika udongo juu ya lami ili kutoka angani ionekane bado ina mashimo. Mhandisi wa kituo mwenye lori la kokoto na watu wenye mabega ana thamani kuliko unavyodhani.

Na wakati mwingine hatari haitoki juu. Septemba 14, 2012, wapiganaji 15 wa Taliban waliovaa sare za Kimarekani walikata uzio wa kituo cha Bastion huko Afghanistan usiku, wakachoma ndege sita za kivita za Harrier na kuua askari wawili wa kikosi cha Marine cha Marekani, mmoja akiwa kamanda wa skwadroni ya ndege hizo. Minara kadhaa ya ulinzi haikuwa na mtu. Uzio ulikuwa na wenyewe wawili, Waingereza na Wamarekani, kila mmoja na kipande chake na mkuu wake. Mwaka uliofuata majenerali wawili wa Kimarekani walistaafishwa. Ndugu Mlipa Kodi, banda ungelipata, lakini uzio wenye wenyewe wawili, usiku wa giza unakuwa hauna mwenyewe.

SWALI: Ni kweli marubani wanapikiwa chakula chao peke yao? – Mpenda Kula

JIBU: Kwa kiasi. Huwa wanashauriwa wasile maharage na vitu vya kujaza gesi kabla ya kuruka juu sana, kwa sababu shinikizo la hewa likipungua gesi iliyomo tumboni hutanuka, na ndani ya lile suti la kubana hakuna pa kukimbilia. Sisi mafundi tulikula maharage yote waliyoyaacha.

SWALI: Mwanangu amepangiwa kazi ya ufundi katika kikosi cha ndege za tahadhari. Anasema analala kazini saa 24 na mara nyingi hakuna kinachotokea. Mimi mama yake nina hofu, tena namuonea huruma. Wanafanya nini hasa humo? – Mama wa Fundi

JIBU: Mama, shikamoo. Kazi aliyopewa hawampi mtu wasiyemwamini, hilo ulijue kwanza.

Nchi nyingi zenye ndege za kivita huweka mbili au zaidi zikiwa tayari usiku na mchana, zina mafuta, zina silaha, zimeshakaguliwa na kutiwa saini. Zikikaa banda la mwisho wa barabara, marubani na mafundi wanalala chumba cha jirani. Katika nchi za NATO kipimo cha kawaida ni dakika 15 tangu king'ora mpaka matairi yaache lami, na wengi huondoka kabla. Tangu mwaka 2004 nchi za jumuiya hiyo zinapokezana kulinda anga la Lithuania, Latvia na Estonia, ambazo hazina ndege zao za kivita, na kazi ni hiyohiyo: kusubiri. Mara nyingi wanaporushwa ni kwenda kuangalia ndege iliyokaa kimya redioni. Wanaisogelea, wanasoma namba yake, wanarudi.

Kwa hiyo ndiyo, mwanao anacheza karata sana. Anakunywa chai nyingi. Anaangalia mkanda mmoja wa video mpaka anajua maneno yote. Lakini buti zake amezifungua kamba kwa namna fulani ili miguu iingie yenyewe, na jaketi liko kwenye msumari uleule kila siku ili gizani mkono ujue unakwenda wapi. Mimi nilifanya zamu hizo miaka mitatu, na mpaka leo nyumbani viatu vyangu huwa vinatazama mlango.

King'ora kikilia anakimbia. Rubani anapanda ngazi, yeye nyuma yake anamfunga mikanda. Anatoa pini za usalama, zile zenye utepe mwekundu unaoning'inia, za kiti, za magurudumu, wenzake wanatoa za makombora. Injini inawaka, masikio yanafunikwa, hakuna anayesikia neno, kila kitu ni kwa ishara za mikono. Na jambo la mwisho kabla ndege haijasogea, anasimama mbele kidogo pembeni, mahali rubani anapoweza kumwona, na kuinua juu kifurushi chote cha pini. Rubani anazihesabu kupitia kioo: moja, mbili, tatu, zote. Anainua kidole gumba.

Kisha ndege inaondoka, banda linabaki na harufu na joto, naye anabaki amesimama na zile pini mkononi. Anazihesabu tena, anaziandika, anakaa kitako kusubiri ndege yake irudi.